Ziara ya Kilwa Hupangwa kwa Maji

Ratiba nyingi za ziara ya kihistoria kusini mwa Tanzania huandikwa na mtu aliyetazama barabara peke yake. Kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa Masoko ni kiasi cha kilomita 300 za lami, kwa hiyo wageni huondoka alfajiri, mchana huvuka kwenda Kilwa Kisiwani, hupigwa picha mbele ya ngome ya Gereza na Msikiti Mkuu, na kesho yake wako njiani kurudi. Mpangaji anayeijua pwani huanza na kalenda ya mwezi. Anatafuta bamvua iko lini.

Sababu yake ni Songo Mnara, kisiwa cha pili katika eneo ambalo UNESCO iliorodhesha kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa sana, mashua hubaki mbali na ufuko, na wageni huteremka kwenye tope la mikoko, viatu mkononi. Wengine hulifurahia hilo. Mzee mwenye magoti mabovu hatalifurahia, na ni haki yake kuambiwa kabla hajalipa.

Kupwa huko huko ndiko kiini cha hadithi mashuhuri kuliko zote za Kilwa. Inasimuliwa kwamba Ali bin al-Hasan, mwana wa mfalme kutoka Shirazi, alikikuta kisiwa cha Kilwa mikononi mwa mtawala mwenyeji, akakinunua kwa nguo zilizotosha kukizunguka chote. Mwenyeji akachukua nguo zake akahamia bara, lakini alikuwa na lake moyoni: maji yakipwa angevuka kwa miguu na kukitwaa tena kisiwa. Masimulizi ya kale yaliyoandikwa kwa Kiarabu yanasema Ali alichimba mkondo ili maji yasikauke. Wenyeji wana simulizi yao, ambamo mzee wa kisiwa anaitwa Mrimba, Mshirazi anamwoa binti yake, na maji yanazuiwa kwa kisomo cha Kurani na sadaka.

Waongozaji wengi huisimulia hadithi hii ndani ya Msikiti Mkuu, wageni wakiwa wamekwisha kuchoka na jua. Mahali pake hasa ni ufukoni Masoko, kabla ya kupanda mashua, mlango wenyewe wa bahari ukiwa mbele ya macho. Hapo msikilizaji anaweza kujiuliza kama kweli mtu angeweza kuvuka.

Je, hadithi ina ukweli? Neville Chittick, aliyechimba Kilwa tangu mwisho wa miaka ya 1950, aliuweka mwanzo wa utawala wa Washirazi mwishoni mwa karne ya 12. Kisha mwaka 1984 ikapatikana hazina ya sarafu Mtambwe Mkuu, Pemba, zikiwemo zenye jina la Ali bin al-Hasan, na wataalamu wakairudisha enzi yake nyuma hadi karne ya 11. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao wa miji ya pwani, waliozikwa kati ya takriban 1250 na 1800. Nasaba ya wengi upande wa kike ilikuwa ya Kiafrika kwa sehemu kubwa, na upande wa kiume mara nyingi ilielekea Uajemi. Mchanganyiko huo ulianza karibu mwaka 1000.

Nguo na mkondo havikuthibitishwa na maabara yoyote. Lakini ndoa ya mgeni na binti wa mwenyeji, sehemu ambayo wasomi wengi waliipita kama pambo la hadithi, sasa ndiyo yenye ushahidi mzito zaidi. Mwongozaji anayeicheka simulizi ya Mrimba anawanyima wageni wake jambo zuri kuliko yote kisiwani. Anayeihubiri yote kama historia naye anawapunja.

Siku ya kwanza ya ziara, ile ya Kilwa Kisiwani, inatosha pia kwa Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lenye birika la pembe nane juu ya mwamba wa bahari. Msafiri Ibn Battuta alimkuta sultani huyo Kilwa mwaka 1331. Siku ya pili iachiwe Songo Mnara, kwa saa itakayotajwa na nahodha.

Siku ya tatu ni ya Kilwa Kivinje, ambako Hassan bin Omari Makunganya, mpinzani wa utawala wa Wajerumani, alinyongwa nao mwaka 1895. Barabara za udongo zikiwa kavu, safari iongezwe siku moja kwenda Ngarambe. Huko ndiko mganga Kinjikitile Ngwale anakosimuliwa kuzama katika kidimbwi cha mto na kuibuka kesho yake nguo zake zikiwa kavu, kabla ya kugawa maji yaliyovipa Vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani jina. Waliosoma shuleni tamthilia ya Ebrahim Hussein juu yake watafika wakiwa na picha tayari kichwani. Kinjikitile alinyongwa Mohoro, Agosti 1905, vita vikiwa vichanga.

Mwisho wa vita hivyo kwa Wangoni unaonekana Songea. Ni mbali, kwa kupitia Lindi, Masasi na Tunduru, na si haki kuupa mji huo chini ya siku mbili. Makumbusho ya Majimaji yapo mahali walipozikwa mashujaa 67 walionyongwa tarehe 27 Februari 1906, na kumbukumbu yao hufanywa kila mwaka tarehe hiyo. Ila Februari kusini ni mwezi wa mvua, na njia ya Ngarambe huwa tope. Anayetaka kuhudhuria kumbukumbu ya Songea aiache Ngarambe kwa safari ya kiangazi, kuanzia Juni, na aweke chumba Songea mapema.