Piga hesabu ya maji kabla ya kupiga picha

Wanaokwenda Hori ya Mida, kusini mwa Watamu, kupiga picha jioni kwa baiskeli huniuliza lenzi ipi inafaa. Mimi huwauliza mwezi una siku ngapi.

Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bamvua hujaa mwendo wa saa kumi alasiri. Tope lote limefunikwa, ndege wamejibanza kwenye mikoko, nawe unapiga picha za maji matupu. Lakini kila siku maji huchelewa kiasi cha dakika 50. Siku nne tano baadaye, yanakuwa yakijaa jioni, na ndege waliotawanyika mbali hufuata ukingo wa maji mpaka karibu nawe. Huna haja ya kuwanyatia.

Wa kumtafuta hapa ni mla kaa: mweupe, mgongo mweusi, mdomo mnene kama koleo. Huzaliana pwani na visiwa vya Ghuba na Oman, akitaga yai moja jeupe ndani ya shimo alilochimba mchangani, kisha hushuka kwetu. Weupe wake huipoteza kamera. Ikiona tope jeusi limejaa kwenye fremu, inadhani kuna giza, inaongeza mwanga, na manyoya yanabaki doa jeupe lisilo na unyoya hata mmoja. Punguza mwanga kwa nusu.

Baiskeli inayopita haiwashtui sana ndege; inayosimama ghafla ndiyo huwarusha. Basi shukia nyuma ya mikoko, usogee kwa miguu. Kamera uivae mwilini, usiifunge kwenye karia, maana mtikisiko wa njia za matumbawe hulegeza skrubu za lenzi.

Ukitokea Gede, jua linaloshukia msitu wa Arabuko-Sokoke linakuwa mgongoni na rangi zinatoka. Ukiwa upande wa Watamu utapata vivuli vyeusi mbele ya jua, na hivyo, kwa maoni yangu, kalenda zinavyo vya kutosha. Popote utakaposimama, fanya haraka: tuko digrii 3 tu kusini mwa ikweta, jua hushuka karibu wima, na likishazama, mwanga wa maana haufiki nusu saa.

Taa nyekundu ya nyuma ni lazima, kwani malori ya barabara ya Malindi hayapunguzi mwendo. Ukifika nyumbani, futa chumvi kwenye mnyororo usiku huohuo, kisha uupake mafuta.