Homa na Kipimajoto

Mama amwekeapo mtoto mkono juu ya paji la uso, hapana shaka hutambua kuwa mwili una homa, lakini ni homa kiasi gani hawezi kusema, kwa kuwa mkono uliotoka sasa hivi majini hauhisi sawa na ule uliotoka kuchochea moto; na tabibu atakaye kujua kama maradhi yamepanda au yamepungua tangu jana hana budi kupata hesabu isiyofuata hali ya mkono wa mtu.

Hesabu hiyo iliwekewa msingi madhubuti na Daniel Gabriel Fahrenheit, mzaliwa wa Danzig, aliyetia zebaki katika kipimajoto chake mwaka 1714, na mwaka 1724 akatangaza kipimo ambacho barafu huyeyuka kwa digrii 32. Mwaka 1742 Anders Celsius, mwanafalaki wa Uppsala nchini Uswidi, aliigawa mafungu 100 nafasi iliyo baina ya barafu iyeyukayo na maji yachemkayo. Na ajabu ni kwamba kuchemka alikupa 0 na kuganda 100, mpango ambao wenziwe waliupindua baadaye ukawa huu tuutumiao.

Basi atajaye namba asitaje kipimo hajasema neno. Digrii 39 za Selsiasi ni homa kali. 39 za Farenhaiti ni baridi ya kukaribia barafu. Ukipewa Farenhaiti, toa 32, zidisha kwa 5, kisha gawa kwa 9: hivyo 98.6 hutoa 37, joto la kawaida la mwili wenye siha.

Ama kipimajoto cha kioo cha homa, juu kidogo ya ncha yake njia ya zebaki imebanwa, ili zebaki ikishapanda isirudi yenyewe. Ndiyo sababu hukung'utwa kwanza mpaka ishuke chini ya 35. Kikishatolewa kwapani, kizungushe polepole vidoleni hata mstari wa fedha udhihiri, na jicho likabili kilele chake sawasawa, maana ukitazama kutoka juu au chini namba hukengeuka. Baina ya digrii na digrii mna mafungu madogo 10: kilele kikisimama kwenye mstari mdogo wa nne baada ya 38, andika 38.4. Kisha kioshwe kwa maji baridi na sabuni, kamwe si kwa maji ya moto, kwani zebaki hutanuka ikakosa pa kwenda, na kioo kikapasuka.