Saratani ya Figo Inapofika Kwenye Mifupa: Matibabu Yaliyopo na Dalili Zisizosubiri

Saratani ya figo inaposambaa hadi kwenye mifupa, dalili ya kwanza mara nyingi huwa ni maumivu ya mgongo, nyonga au paja yanayozidi usiku na yasiyotulia kwa kupumzika. Takribani theluthi moja ya wagonjwa ambao saratani yao ya figo imesambaa huwa nayo katika mifupa. Uvimbe huo hula mfupa kutoka ndani, kiasi kwamba hata kuinua ndoo ya maji kunaweza kuuvunja.

Kwa wagonjwa wengi, lengo la matibabu katika hatua hii ni kutuliza maumivu, kuzuia mfupa usivunjike na kurefusha maisha. Tiba ya mionzi, itolewayo nchini katika vituo kama Taasisi ya Saratani Ocean Road, hutangulia. Dozi moja ya greyi 8 huweza kutuliza maumivu sawa na vikao vingi, nafuu isiyo ndogo kwa mgonjwa aliyetoka mkoani.

Mfupa unaokaribia kuvunjika huimarishwa kwa chuma. Kwa kuwa uvimbe wa saratani hii una mishipa mingi ya damu, madaktari huweza kuiziba mishipa hiyo kabla ya upasuaji ili mgonjwa asipoteze damu nyingi.

Dawa za kawaida za kemotherapi hazifui dafu mbele ya saratani hii. Hutumika zile zinazozuia ukuaji wa mishipa ya uvimbe, kama sunitinib na cabozantinib, au zinazoamsha kinga ya mwili, kama nivolumab. Ni ghali, familia iulize mapema bima yake inagharimia zipi. Asidi ya zoledroniki huimarisha mifupa, lakini kabla ya kuitumia ni lazima kupima utendaji wa figo na kutibu meno mabovu, kwani dawa hiyo inaweza kudhuru figo na taya.

Tahadhari kama hiyo yahusu pia diclofenac na ibuprofen, ambazo wengi hujinunulia dukani. Kwa mgonjwa aliyebakiwa na figo moja, ni hatari. Maumivu makali yana morfini, inayotolewa kwa maelekezo ya daktari.

Mgonjwa akianza kulegea miguu, kufa ganzi au kushindwa kuzuia haja, uti wa mgongo huenda umebanwa. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Akichelewa, huenda asitembee tena.