Mbwa Mudogo Anatapika: Wakati Gani Kumupeleka kwa Munganga wa Nyama?

Katika kambi zetu nyumba nyingi zinafuga mbwa. Analinda lupango wakati baba yuko kazini usiku, na muchana watoto wanacheza naye. Kwa hiyo ugonjwa wake ni jambo la nyumba yote.

Mbwa anatapika upesi kuliko mutu. Kama mbwa mukubwa ametapika mara moja tu, kisha anacheza na kutafuta chakula, musiogope. Labda alikula mabaki yenye kuoza, ao alikula mbio. Mumuache bila chakula saa 6 mpaka 12, mumupe maji kidogo kidogo. Halafu mumupe muchele wenye kupikwa bila mafuta wala pilipili, pamoja na nyama kidogo ya kuku bila mifupa.

Mutoto wa mbwa asifungishwe chakula namna hii. Mwili wake ni mudogo, hauna akiba: maji yanakwisha na sukari ya damu inashuka upesi. Mbwa mukubwa anaweza kuvumilia siku moja. Mutoto wa mbwa anaweza kufa siku ile ile.

Mupime hivi: muvute ngozi ya shingo, kisha muiachilie. Ikikawia kurudi mahali pake, maji ya mwili yamepunguka. Mutazame na ufizi. Ukiwa mukavu ao mweupe, ni hatari.

MUMUPELEKE KWA MUNGANGA WA NYAMA BILA KUKAWIA KAMA:
1. Anatapika tena na tena, hata maji hayakai tumboni.
2. Kuna damu katika matapishi ao katika mavi.
3. Tumbo limevimba, ao anajaribu kutapika na hakuna kitu kinachotoka.
4. Anatetemeka, anaanguka, ao hana nguvu ya kusimama.
5. Amekula dawa ya panya, dawa ya wadudu, ao mufupa umemukwama.
6. Ni mutoto wa mbwa ambaye hajapata chanjo.

Jambo hili la mwisho ni kubwa. Tangu mwaka 1978 ugonjwa wa parvo umeenea dunia nzima. Mutoto wa mbwa anatapika, anaharisha damu yenye harufu mbaya, na bila matunzo wengi wanakufa kwa siku chache. Parvo ya mbwa haishiki watu, lakini virusi vyake vinakaa katika udongo miezi mingi. Musafishe mahali kwa maji ya javeli, na musilete mbwa mwingine asiye na chanjo.

MUSIFANYE HAYA. Musimupe paracetamol, aspirini ao ibuprofeni: dawa ya mutu inaweza kumuua. Musimunyweshe maji ya chumvi ili atapike. Kama amelamba asidi ya batri, kutapika kunamuunguza koo mara ya pili. Mutumikaji asilete nyumbani bidon tupu za kazini. Zinazuru mbwa, zinazuru na mutoto.

MUJIHAZARI NA KICHAA CHA MBWA. Mbwa mwenye kutoka mate mengi, asiyeweza kumeza, na ambaye tabia yake imegeuka, pengine hana mufupa kooni. Musitie mukono katika kinywa chake. Muwaondoe watoto, muite munganga wa nyama. Akiuma mutu, muoshe kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, halafu muende lupitalo siku ile ile, hata kidonda kikiwa kidogo. Dalili za kichaa zikianza kwa mutu, karibu hakuna anayepona. Chanjo ikitolewa mbele ya dalili, inaokoa.

Matapishi na mavi ya mbwa, muyaokote kwa chombo, si kwa mukono mutupu, kisha munawe. Minyoo ya mbwa inaingia kwa watoto wenye kuchezea udongo.

Chanjo ya parvo inaanza mbwa akiwa na juma 6 mpaka 8, inarudiwa mpaka juma 16. Ya kichaa inatolewa kutoka juma 12. Feza ya chanjo ni kidogo kuliko uzito wa kumuzika mutoto. Wazazi, muulize leo: mbwa wa lupango letu amechanjwa?