Ziwa Letu Ndilo Bingwa: Rekodi 10 za Baiskeli, Kasia na Vilima, Kutoka Shinyanga Hadi Rubondo

Mtu wa Geita akitaka kutamba hutaja dhahabu. Wa Mwadui hutaja almasi. Wote wana haki yao. Lakini kaskazini mwa migodi hiyo kuna uwanja mwingine wa mashindano, wa maji, misitu na visiwa. Huko mataji ya Afrika yamepangana kama abiria wa stendi asubuhi, na mwenye baiskeli, kasia na viatu imara anaweza kuyafikia mengi kwa likizo moja. Twende kwa namba.

1. Ziwa kubwa kuliko yote Afrika

Ziwa Victoria lina kilometa za mraba takriban 68,800. Lichukue kama ukumbi mtupu, kisha anza kupanga. Weka mkoa mzima wa Shinyanga, kilometa za mraba kama 18,900. Ongeza Geita, 20,000. Leta Rwanda yote, 26,300. Ukumbi haujajaa! Unguja na Pemba zinaingia zote, na nafasi inabaki.

Katika maziwa yote ya maji baridi duniani, ni Superior la Amerika Kaskazini pekee linaloizidi Victoria kwa eneo. Katika nchi za tropiki halina mpinzani. Na karibu nusu ya ubingwa huo iko Tanzania.

2. Daraja refu kuliko yote Afrika Mashariki

Tarehe 19 Juni 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la J.P. Magufuli, lile la Kigongo–Busisi, lililogharimu zaidi ya shilingi bilioni 700. Urefu wake ni kilometa 3 juu ya Ghuba ya Mwanza.

Pima na ndugu zake. Daraja la Nyerere pale Kigamboni lina meta 680, kwa hiyo la Busisi linalizidi zaidi ya mara nne. Daraja la Mkapa kwenye Mto Rufiji halifiki kilometa 1. Panga mabasi ya meta 12, pua kwa mkia, na yatahitajika 250 kulijaza kutoka Misungwi hadi Sengerema.

Zamani foleni ya kivuko ilikula saa mbili na zaidi siku ikiwa mbaya. Leo mwendesha baiskeli wa kilometa 15 kwa saa analimaliza kwa dakika 12, upepo wa ziwa ukimpiga ubavuni.

3. Umbali wa baiskeli unaofaa mabingwa wa dunia

Kutoka Shinyanga mjini hadi Mwanza ni kilometa kama 160 za lami. Hesabu hiyo ni karibu marathoni nne. Ni sawa pia na hatua moja ya kawaida ya Tour de France, mashindano makubwa kuliko yote ya baiskeli duniani. Anayekwenda visiwani upande wa Geita hukata kona Usagara, kabla ya kuingia Mwanza, akashika njia ya darajani.

Na Shinyanga haihitaji kufundishwa kunyonga. Huu ni mji ambako baiskeli za abiria zimeitwa daladala. Tazama baiskeli moja tu ya kazi: Phoenix nyeusi, keria imeongezwa vyuma na fundi wa chini ya mwembe, magunia mawili ya mkaa yamesimama wima nyuma na la tatu limelala juu yake. Mwenye baiskeli anapandisha mlima akiwa amesimama kwenye pedali, shingo imekaza, na bado anasalimia watu. Mtalii mwenye mkoba mgongoni ana bahati sana!

4. Kisiwa kikubwa kuliko vyote vya maziwa ya Afrika

Taji hili ni la Ukerewe, kilometa za mraba takriban 530. Kinaizidi Mafia, kinapita nusu ya Pemba, na kinakaribia theluthi moja ya Unguja, ingawa kimezungukwa na maji yasiyo na chumvi hata punje.

Kwa watu pia kimejaa. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 387,815 katika wilaya nzima ya Ukerewe. Wapeleke Uwanja wa Benjamin Mkapa wenye viti 60,000, utajaa mara sita, na watu zaidi ya 27,000 watabaki nje wakisubiri mlangoni. Nchi kavu ya wilaya hiyo ni kama kilometa za mraba 640 tu, yaani watu 600 hivi kwa kila kilometa ya mraba, zaidi ya mara nane ya wastani wa Tanzania.

Kwa mwendesha baiskeli hiyo ni habari njema. Hupiti mbali bila kukuta mji wa watu, maji ya kunywa, machungwa na fundi wa pancha. Shuka melini Nansio, au vuka kwa kivuko kutoka Kisorya hadi Rugezi, kisha nyonga.

5. Hifadhi ya taifa ya kisiwa iliyo kubwa kuliko zote Afrika

Rubondo, mkoani Geita, ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1977. Eneo lake ni kilometa za mraba 456.8, ardhi na maji kwa pamoja, kikiwemo kisiwa kikuu na vingine vidogo vinavyokizunguka.

Kisiwa kikuu kina urefu wa kilometa 28. Hayo ni madaraja tisa ya Busisi yaliyounganishwa, na bado hujafika mwisho! Sehemu kubwa ni msitu. Simba hayupo, chui hayupo, kijiji hakipo. Ndiyo maana matembezi ya miguu ndiyo utalii wenyewe wa hapa: unatembea na askari wa hifadhi badala ya kuchungulia dirishani mwa gari.

Ukipita karibu na matete asubuhi, angalia chini. Alama mbili nyembamba, ndefu, zilizopanuka kama mkasi uliofunguliwa ni kwato za nzohe, swala wa majini ambaye ni mwenyeji wa asili wa kisiwa. Kwato hizo humzuia asizame kwenye tope. Akiona hatari, hakimbilii porini, anaingia majini na kuogelea.

6. Hifadhi ndogo kuliko zote Tanzania

Kutoka jitu twende kwa kijana. Saanane, kisiwa cha mawe kilicho mkabala na jiji la Mwanza, kilianza mwaka 1964 kama bustani ya wanyama na kikawa Hifadhi ya Taifa mwaka 2013. Eneo lake lote, pamoja na maji, ni kilometa za mraba 2.18.

Hifadhi ya Nyerere, yenye 30,893, ingeweza kuimeza Saanane mara 14,000 na zaidi. Lakini usiidharau: mwamba wa almasi wa Mwadui, mmoja wa miamba mikubwa ya aina yake inayochimbwa duniani, una hekta 146 na ungeingia wote ndani ya mipaka ya Saanane. Unafika kwa boti kwa dakika chache, unapanda mawe, unaona jiji zima, na unarudi mjini kula mchana.

7. Kilele cha juu kuliko vyote visiwani Rubondo

Vilima vya Msasa vinafikia meta 1,486 juu ya usawa wa bahari. Uso wa ziwa wenyewe uko meta 1,134. Toa, utapata mpando wa meta 352 kutoka ufukweni hadi kileleni.

Jengo la Mamlaka ya Bandari jijini Dar es Salaam, miongoni mwa marefu kuliko yote nchini, lina meta 157. Panda ghorofa zake zote, shuka, panda tena, na utakuwa bado hujafikia Msasa. Tena Msasa haina lifti!

8. Safari ndefu kuliko zote ya kuhamia kisiwani

Kati ya 1966 na 1969, Profesa Bernhard Grzimek wa Frankfurt alileta Rubondo sokwe 17 waliokuwa wamefungiwa Ulaya. Kutoka huko hadi ziwani ni zaidi ya kilometa 6,000 kwa mstari ulionyooka, mara sita ya safari ya basi kutoka Shinyanga hadi Dar es Salaam. Kwa meli iliyozunguka bahari, ilikuwa ndefu zaidi.

Walikuwa wamezoea kulishwa na binadamu. Walifunguliwa, wakaingia msituni, wakajifunza wenyewe matunda ya kula na matawi ya kulalia. Waliozaliwa kisiwani sasa wamewazidi waasisi kwa mbali, na mgeni anaweza kuwafuatilia kwa miguu akiongozwa na wanaowajua. Hiyo ndiyo rekodi inayonipa fahari kuliko zote: wafungwa 17 waliorudi kuwa wanyama huru, na kisiwa kilichowapokea ni cha kwetu.

9. Samaki mzito kuliko mashua yako

Kayaki ya mtu mmoja ina kilo 20 hadi 30. Sangara, aliyeingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, anaweza kufikia kilo 200 na urefu wa karibu meta 2. Hiyo ni mifuko minne ya saruji yenye mapezi! Pima kayaki, mpiga kasia mwenye kilo 70 na chakula chake cha wiki nzima: sangara mkubwa anawashinda wote kwa pamoja.

Piga kasia kwenye ghuba tulivu za Rubondo mapema asubuhi, kabla upepo haujaamka. Tai mla samaki anakuwa juu ya mti, fisi maji wako majini, na wewe uko katikati, chombo chako kikiwa kidogo kuliko vyote. Kwa mlinganisho, MV Mwanza, iliyoshushwa majini Februari 2023, ina urefu wa meta 92.6 na imejengwa kubeba abiria 1,200. Hao wangejaza mabasi 20 ya abiria 60.

10. Kina kirefu, na mzee kuliko wote

Hapa ziwa linapigwa! Sehemu yake ya kina kirefu kabisa ina meta kama 80 tu. Jengo lile la bandari ukilisimamisha pale, karibu nusu yake ingebaki juu ikikauka kwa jua. Wachimbaji wa Bulyanhulu, mkoani Shinyanga, hushuka zaidi ya kilometa 1 chini ya ardhi, mara 12 ya kina cha ziwa.

Kwa umri, ushindi ni wa mawe. Miamba ya Geita na Mwanza ina zaidi ya miaka bilioni 2.5. Kilimanjaro, mkubwa wa milima yote ya Afrika kwa kimo, ulianza kujengeka kama miaka milioni 2.5 iliyopita. Kwa hiyo jiwe unalokalia kupumzika linauzidi mlima huo umri mara 1,000. Maji nayo ni watoto: ziwa lilikauka kabisa kabla ya kujaa tena miaka kama 15,000 iliyopita. Vilima unavyopanda Rubondo vilikuwa vilima vya nchi kavu kabla maji hayajavigeuza kisiwa.

Hukumu

Medali ya shaba inakwenda kwa daraja la Kigongo–Busisi, lililofupisha safari nzima. Fedha ni ya Ukerewe, nyumba ya watu wengi na pepo ya baiskeli. Dhahabu ni ya Rubondo, na ni haki, kwa sababu iko Geita.

Ziwa hili lina rekodi za msiba pia. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, na MV Nyerere tarehe 20 Septemba 2018 karibu na Ukara, na kila mara tulizika mamia. Kwa hiyo vaa jaketi la kuokolea hata ufuko ukiwa karibu, kataa boti iliyojaa kupita kiasi, usiogelee penye mamba na viboko, na ukirudi nyumbani pima kichocho. Juni hadi Agosti mvua ni haba na njia ni kavu. Jaza upepo matairi, beba gundi ya pancha, na uende ukaone mataji yako.