Mbwa Koko Ana Mwenyewe

Kamusi zetu hueleza kuwa mbwa koko ni mbwa asiye na mwenyewe. Nikiwa mwanaisimu naliheshimu neno hilo. Nikiwa mkazi wa Magunga nalitilia shaka. Wengi wa mbwa wazururao sokoni hapa wana boma walalako. Neno koko limetupa kisingizio tu.

Tangu nimpokee nyumbani jike mmoja aliyekonda, ambaye wanangu humwita Guok, yaani “mbwa” kwa Kijaluo, majirani huniuliza atakula nini. Hakuna aliyeuliza kama amechanjwa. Ajabu! Upo mkakati wa taifa wa mwaka 2014, unaokusudia kukomesha vifo vya watu vitokanavyo na kichaa cha mbwa ifikapo 2030. Na ugonjwa huo hautokomezwi mpaka angalau mbwa 7 katika kila 10 wachanjwe, mwaka baada ya mwaka.

Basi, mwalimu na mwanafunzi, mkimwokota mbwa, chanjo itangulie jina. Na akimwuma mtoto, jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa ni wa hapo nyumbani.