Munganga akitajwa sana, mchimbaji anapata nini?

Ndugu wachimbaji, na ninyi mama zetu munaolala macho mukingoja zamu ya usiku irudi, leo tunaongea juu ya watafiti wa kanseri na hesabu ya majina yao.

Tunawaona wakifika kwenye machimbo na sindano za damu na chupa za mkojo. Tunaambiwa: "Huyu ni munganga mukubwa, anatajwa dunia nzima." Tunatoa mkono. Lakini kutajwa njo nini?

Kazi ya mtafiti inatoka kama makala katika gazeti la wataalamu. Mwenzake akiitumia, anaandika jina lake chini ya makala yake mwenyewe, na kila kutajwa kunahesabiwa. Eugene Garfield wa Marekani alianzisha daftari kubwa ya hesabu hiyo katika miaka ya 1960. Mwaka 2005 Jorge Hirsch akaleta kipimo kinachoitwa h: ukiwa na makala 20, na kila moja imetajwa angalau mara 20, h yako ni 20. Leo hesabu hiyo inasaidia mutu kupata cheo na pesa za utafiti.

Hesabu si mbaya. Makala ikitajwa sana, wengi wameitumia. Lakini inahesabu tu yale yaliyochapishwa. Yaliyozuiwa hayana namba. Hapo tunamukumbuka Wilhelm Hueper.

Alizaliwa Ujerumani mwaka 1894, akahamia Marekani 1923. Miaka ya 1930 alifanya kazi katika maabara ya kompanyi ya DuPont, wakati wafanyakazi wa kiwanda cha rangi walikuwa wanapata kanseri ya kibofu. Aliwapa mbwa kemikali moja ya kutengeneza rangi, nao wakapata kanseri ileile. Mwaka 1937 alifukuzwa kazi; makala ya mbwa ilitoka 1938. Mwaka 1942 akatoa buku la karibu kurasa 900 juu ya kanseri zinazotokana na kazi. Humo mulikuwa habari za wachimbaji wa Schneeberg, Ujerumani, ambao tangu 1879 wanganga Härting na Hesse waliandika kwamba kanseri ya mapafu inawaua.

Mwaka 1948 alianza kuongoza ofisi ya kanseri za mazingira katika Taasisi ya Kanseri ya serikali ya Marekani. Wakati ule urani ilikuwa siri ya vita. Sisi tunaijua siri hiyo, juu sehemu kubwa ya urani ya bomu ya Hiroshima ilitoka kwetu Shinkolobwe. Marekani nayo ilikuwa inachimba yake kule Colorado na Utah. Mwaka 1952 Hueper alialikwa kusema mbele ya wanganga wa Colorado. Tume ya Nguvu za Atomiki ikataka aondoe maneno juu ya wachimbaji wa urani na kanseri ya mapafu. Alikataa, hakwenda. Kisha akakatazwa kufanya uchunguzi wa kanseri za kazi upande wa magharibi wa mto Mississippi, njo upande wa machimbo yenyewe.

Hotuba isiyosomwa, nani angeitaja? Na radoni, gesi inayotokana na urani, iliendelea kuingia mapafuni. Miaka ya 1960 watafiti wengine wa serikali walionyesha wazi kwamba wachimbaji wale wanakufa na kanseri ya mapafu kuliko watu wengine. Sheria ya kuwalipa ilitoka 1990. Hueper alikuwa amekufa tangu 1978.

Tuseme kweli yote. Hueper naye alikosea: alipinga kwamba sigara ni sababu kubwa ya kanseri ya mapafu, na Richard Doll na Austin Bradford Hill wa Uingereza walikuwa wameionyesha tangu 1950. Na Doll, anayetajwa sana mpaka leo? Alikufa 2005, kisha ikajulikana kwamba kompanyi ya kemikali Monsanto ilimulipa miaka mingi kama mshauri.

Kwetu, mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha matokeo ya mtaa wa Kasulo, Kolwezi. Wakaaji wa karibu na mashimo walikuwa na kobalti nyingi katika mkojo na damu kuliko watu wa mtaa mwingine, na zaidi sana watoto. Kazi nzuri. Lakini makala ilitoka kwa Kiingereza. Mama wa Kasulo ataisoma namna gani?

Kwa hiyo sisi wa sindika tunasema: mtafiti akifika, tusiulize tu anatajwa mara ngapi. Tuulize mambo matatu. Nani anamulipa? Nani ana uwezo wa kuzuia makala yake isitoke? Na kila mutu aliyetoa damu atapata karatasi ya majibu siku gani, kwa luga gani? Delege aandike majibu hayo na yatiwe sahihi mbele ya sindano ya kwanza. Kama hawataki kutia sahihi, mkono ubaki mufukoni.